Kaa Mmoja, Jani Moja

Nyinyi vijana wa kukagua kaa, nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaki mtu aje kuniambia nitulie. Nilitulia miaka mingi kupita kiasi, na kutulia kwangu kumemgharimu mtu.

Juzi nilikuwa nashuka kwenda kwa Mama Masika, hapa chini ya Kyondo, nimebeba unga wake wa muhogo. Kwenye daraja la mbao nikawakuta: vijana wanne, viatu vya mpira vipya, simu zinaning'inia shingoni, na gunia. Gunia lilikuwa linatikisika. Nikauliza kuna nini ndani.

"Kaa, mzee," akajibu binti aliyekuwa kiongozi wenu, yule Kabugho. "Tunapeleka Kasese. Tutaangalia huko vizuri, kwa meza."

"Wote ndani ya gunia moja?"

"Ndiyo. Ni mingi sana, mzee. Na tumeshatoa kumi kwa gunia hapa, tukawaangalia, tukawapiga picha. Hakuna kitu. Huu mto iko safi. Tukiandika hivyo, hata vidonge vya huku vitasimama, watu wapumzike kumeza dawa."

Niliuweka unga chini. Sikumbuki yote niliyosema. Najua nilisema "wajinga", tena si mara moja, na najua mmoja wenu alikuwa ananirekodi huku akicheka. Rekodi hiyo itunze. Mimi nilifanya kazi hii mpaka magoti yakakataa maji ya baridi, na gunia kama lile limeshampofusha mtu. Mtu huyo ndiye mwenye unga niliokuwa nimebeba.

Nyinyi mmesoma, mnajua hata jina la kitaalamu la yule mdudu. Mimi nitaeleza kama tulivyoelezana mtoni, maana huenda haya yakasomwa na mtu ambaye hajawahi kushika kaa. Kuna nzi mdogo mweusi mwenye kibyongo, anaitwa usubi. Anauma mchana, kando ya mto. Akimuuma mwenye minyoo ya upofu wa mtoni, kisha siku nyingine akakuuma wewe, anakuletea. Kwanza unajikuna. Unajikuna mpaka ngozi inakakamaa na vinundu vinatokea kiunoni. Halafu yanafuata macho. Usubi wa mahali pengine huacha mabuu yake kwenye mawe na majani ya mtoni, lakini huyu wetu ana ujanja wake: mabuu yake hujibandika kwenye mwili wa kaa. Hayamli, hayamdhuru. Yanakaa makwapani mwake, yanakula kinachopita na maji, naye anayatembeza. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mto una usubi, huna haja ya kukimbiza nzi. Unamkamata kaa, unampindua, halafu unasema ulichokiona.

Kwenye semina yetu ya kwanza, mwalimu alituonyesha picha za bahari. Kulikuwa na nyangumi aliyejaa vidude vigumu vilivyoganda kichwani, na kasa mwenye vidude kama hivyo mgongoni. Kulikuwa na samaki aitwaye chazo, ana kama kibandiko utosini, hujibandika kwa papa na kusafiri naye kokote. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona bahari, tukacheka sana. Nyuma yangu alikaa mwanamke mwenye vidole vilivyojaa makovu ya mianzi. Alikuwa ameitwa kuleta mitego tu, hakuitwa kusoma. Yeye hakucheka. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na ule papa akijisugua kwa jiwe, hii yenye kubandika iko naanguka?"

Mwalimu akasema ndiyo, inaweza kung'oka.

"Basi ni kama kaa," akasema yule mwanamke, akarudi kwenye mitego yake.

Huyo ndiye Masika. Alizaliwa Bwesumbu, akaolewa Kyondo, na alikuwa akifuma mitego ya kaa kabla ofisi yoyote haijajua kwamba kaa wana faida. Kwenye karatasi za ofisi aliandikwa "mfumaji". Sisi tuliandikwa "wakaguzi". Mpaka leo nikikumbuka nani alimfundisha nani, naona haya.

Mimi ni mtu wa Karusandara, kwenye tambarare na joto. Huko kwetu nilijua mahindi na ng'ombe. Kaa nilimjua kwa jina. Siku yangu ya kwanza mtoni nilivuta mtego, nikatoa kaa mkubwa mweusi, nikaona ana uchafu makwapani, kama punje za ulezi zilizolowa. Nikaona si adabu kumpelekea mkubwa wangu kaa mchafu. Nikatoa leso mfukoni, nikamfuta kaa vizuri, mguu kwa mguu, mpaka akang'aa. Masika akaja mbio juu ya mawe akanichapa mkono.

"Wewe mutu gani? Unapanguza kazi!"

"Mama, nilikuwa natoa uchafu."

"Uchafu iko kwa kichwa yako! Ile ni mabuu! Yote umeweka kwa leso!"

Akaninyang'anya leso, akaitandaza juu ya jiwe, akahesabu buu moja baada ya jingine kwa sauti, wenzangu wote wakisikia. Tangu siku hiyo jina langu la Thembo likafa. Kutoka Kyondo mpaka Bwera niliitwa Leso. Wako wanaoniita hivyo hata leo, na siwakatazi, maana lile kosa la leso ndilo dogo kati ya makosa yangu.

Nawapa alichonifundisha, kwa sababu sioni kama kuna mtu anayewafundisha. Chambo kiwe utumbo wa mbuzi wa jana. Msitumie samaki wa chumvi. Nilijaribu samaki wa Katwe. Kaa hawakuja, na chambo nikakila mwenyewe kwa ugali saa saba mchana. Mdomo wa mtego uelekee maji yanakokwenda, kwa sababu harufu inateremka na kaa anapanda akiifuata. Mtego ufungwe kwenye mzizi, mahali penye kivuli na maji ya kasi. Kaa ashikwe kwa nyuma, kidole gumba juu ya gamba na vingine chini. Ukimshika kwa mbele atakufundisha mwenyewe.

Mtafute kaa mzee mwenye gamba jeusi. Kaa anapojivua gamba, mabuu yote hubaki kwenye gamba la zamani. Ukikagua kaa wenye magamba mapya laini ukasema mto ni safi, ni kama kumkagua mtu chawa kwa kutazama shati alilonunua asubuhi. Mkishampindua, acheni maji yachuruzike, mwinamisheni juani. Tazameni kwenye shina la magando, katikati ya miguu, pembeni mwa mdomo. Mabuu yatameremeta na kujikunja. Vile vifuko vya kahawia ambamo buu hugeuka kuwa nzi ni vigumu zaidi kuviona, maana rangi yake ni ya kaa mwenyewe. Kwa hivyo Masika alikuwa na neno lake: "Jicho inadanganya, kidole hapana." Alipitisha ncha ya kidole pole pole, akasimama, akasema, "Hapa." Ukisogeza macho karibu, kweli kipo.

Na sheria yake kubwa ilikuwa hii: kaa anakaguliwa pale pale mtoni, kisha anarudishwa majini. Ikiwa ni lazima asafiri, anafungwa peke yake ndani ya jani la gimbi lililolowa, kwa kamba ya mgomba. Kaa mmoja, jani moja. Hata tukichelewa, hata mvua ikinyesha, Masika alikaa juu ya jiwe anafunga majani kama mtu anayefunga zawadi za harusi.

Sasa mkubwa wetu. Zamani alikuwa askari, tukamwita Afande, naye akapenda. Hakuogopa mtu, lakini matope aliyaogopa kuliko risasi. Hakuteremka mtoni hata siku moja. Akaamuru kaa wapelekwe Kasese awaone mwenyewe. Tukawa tunawapeleka ndani ya majani kwa gari la Hajji Sadala, mfanyabiashara wa Bwera aliyebeba kahawa siku nyingine na sisi siku nyingine.

Ijumaa moja Hajji alikuwa amevaa kanzu nyeupe, anawahi swala. Mimi ndiye niliyefunga majani siku hiyo, na nilifunga ovyo. Kaa mmoja akafunguka, akapita chini ya kiti, akapanda. Hajji akapiga kelele ambayo sijaisikia tena. Gari likayumba, likaingia kwenye shamba la mihogo. Mwenye shamba akatukuta Hajji amesimama katikati ya mihogo, kanzu imeinuliwa mpaka magotini, kaa ananing'inia kwenye pindo.

"Astaghafirullahi, Leso! Toa hii mududu, mimi naenda kusimama mbele ya Mungu!"

Tulicheka wiki nzima. Afande alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akapiga meza. "Kuanzia leo hakuna majani. Weka yote kwa gunia, funga mdomo, leta hapa. Hiyo ni amri."

"Ndiyo, afande," nikasema.

Nilijua, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Sikuwa mgeni tena. Leso ilikuwa imeshanifundisha. Nilijua kaa wakirundikwa watakanyagana na kusuguana, na barabara ile ya mawe itamalizia kazi. Masika aliniona nikilifunga gunia akasema, "Leso, hapo unaua hesabu." Nikamjibu kwamba ni amri ya ofisi. Akanitazama, akatema mate majini, akaenda zake.

Kasese tukawamwaga kaa kwenye beseni. Walikuwa safi, wote. Afande akavaa miwani, akapindua wawili kwa ncha ya kalamu, akafurahi. "Mto umepona. Andika: safi."

Nikaandika, nikatia sahihi. Halafu nikalipeleka gunia nyuma, kwenye bomba, nikalipindua ndani nje. Kwenye mishono ya chini kulikuwa na tope, na ndani ya tope lile kulikuwa na mabuu, mengine bado yanajikunja. Nilisimama nayo pale. Ofisi ilikuwa hatua ishirini nyuma yangu, na ile karatasi wino wake haujakauka. Nikafungua bomba. Maji yakayachukua.

Msitafute kisingizio changu, sina. Sikutishwa na mtu. Niliogopa kuitwa mjinga na mtu ambaye hajawahi kulowa miguu, basi.

Enzi zile wagawa dawa walipita kila mwaka na fimbo yenye alama. Unasimama kando ya fimbo kama unayepimiwa sanda, urefu wako unasema umeze vidonge vingapi. Vidonge having'oi minyoo mikubwa, lakini vinaiua ile midogo inayokwenda machoni. Ndiyo maana ni lazima vije, na virudi tena, na tena. Baada ya karatasi yangu, fimbo haikuvuka tena mto huu. Najua kulikuwa na karatasi nyingine kwenye faili, lakini ya kaa ilikuwa ya juu, na chini yake palikuwa na jina langu. Watu wa ng'ambo ya daraja wakaambiwa wamepona. Masika, ambaye alikuwa na vinundu vyake kiunoni tangu ujana, naye akaambiwa amepona.

Alikuja kuniuliza. "Nani anasema huu mto iko safi?"

"Ofisi, mama."

"Ofisi iko na miguu? Ilikuja lini kwa maji?"

Nikatazama pembeni. Miaka ikapita. Kwanza alisema kuna moshi jikoni wakati moto umezimwa. Kisha akaanza kuuliza mtu jina kabla ya kumsalimia. Watu wakalalamika, usubi akawauma mchana kweupe, mwishowe fimbo ikarudishwa; kwake ilikuwa imechelewa. Vidonge havirudishi jicho. Mimi nikastaafu, nikapewa cheti, nikahamia huku huku Kyondo, nikaanza kumpelekea unga. Mficha maradhi kilio humfichua, nami nilidhani unga utazuia kilio.

Sasa rudini nami kwenye daraja lile, juzi. Nilipomaliza kuwatukana, Kabugho hakukimbia, hilo nampa. Uso ulimvimba kwa hasira, akanisogelea.

"Mzee, umetuita wajinga mbele ya watu. Basi onyesha."

Nikamwambia avute mtego mmoja ambao bado uko majini. Akavuta. Nikachagua kaa mzee mweusi, nikachuma jani la gimbi, nikamfunga. Miwani yangu ilikuwa nyumbani, na bila miwani mimi na kaa hatuonani. Nikawaambia tuendeni kwa mwenye unga.

Masika alikuwa uani, anafuma kwa kupapasa. Nikamwekea lile jani mapajani. Alilijua kabla hajalifungua. Akamshika kaa kwa nyuma, akampindua, akapitisha kidole.

"Hapa," akasema. Kidole kikasogea. "Na hapa. Hapa iko mbili."

Kabugho akapiga magoti, akaweka simu karibu mpaka ikagusa gando. Alikaa hivyo kwa muda. Aliponyanyua kichwa hakuwa na hasira tena.

"Viko," akawaambia wenzake. "Na kwa gunia tulikosa vyote." Kisha akamgeukia Masika, akamshukuru kwa lugha ya nyumbani. "Mama, wasingya. Lakini kwa faili yetu ya zamani wameandika huu mto ulikuwa safi. Nani alikagua?"

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza tena. Ile faili haina picha, na Afande alishakufa.

"Ni mimi," nikasema. "Walisafiri kwa gunia. Mabuu niliyakuta chini ya gunia, Masika. Niliyaona yakiwa hai, nikayafungulia bomba."

Masika aliendelea kumshika kaa.

"Ile gunia ulileta kwangu nishone," akasema. "Unakumbuka? Ilipasuka mushono. Hukuosha muzuri. Vifuko ilikuwa imeshika kwa nyuzi. Nilitoa kwa kidole, nikaweka kwa jani, nikapanda gari mpaka Kasese kwa Afande."

Sikuwahi kujua hilo. Nilikaa chini.

"Afande akaniuliza, Leso anasema nini? Akatoa karatasi. Akasema, mukaguzi ameandika safi, wewe mufumaji rudi ufume. Nikarudi. Nikasema, Leso atakuja kusema. Nikakungoja."

"Nisamehe, mama."

"Nilitaka useme wakati mimi bado naona. Nilitaka kuona ile sura yako." Akanyoosha mkono akanipapasa uso, paji, mashavu, kwa kidole kile kile, akauondoa mkono wake. "Umechelewa."

Halafu akampa Kabugho yule kaa, akafuta kidole kwenye kitenge, akafungua kiganja.

"Lete ingine," akasema. "Na wewe binti, andika."